Malezi ya Nyumbani: Nani Amfunza Nani?



 Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linalotendeka katika kila nyumba, asubuhi na jioni, aghalabu bila ya wenye nyumba kutambua. Nalo ni namna tabia inavyoingia katika nafsi ya mtoto, ikakaa, ikaota mizizi.

Wazee wetu walituachia kauli kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kauli hii twaikariri sana, lakini ni nadra kujiuliza swali lililomo ndani yake. Huko kulea kunakomjenga mtoto ni kupi hasa? Ni yale maneno tunayomwambia? Kama ni maneno, mbona kila mzazi ana malalamiko yale yale: "Nimemwambia mara mia, hasikii"?

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya karne moja, na jibu lao lafaa kutiwa akilini na kila mlezi. Mtoto husikia, tena hujifunza kila siku. Ila anachojifunza si yale tuyasemayo peke yake, bali ni yale yanayoandamana na maneno yetu, na yale yanayofuata baada ya vitendo vyake. Njia hizo mbili, ya kuandamana na ya kufuata, ndizo tutakazozitazama leo.

Mazoea ya mwandamano

Njia ya kwanza ilifunuliwa na Ivan Pavlov, mtaalamu wa Kirusi aliyezaliwa mwaka 1849, ambaye mwaka 1904 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula mwilini. Pavlov hakuwa akitafuta siri za tabia. Alikuwa akipima mate yanayomtoka mbwa anapolishwa. Katika kazi hiyo akaona jambo lililomshughulisha: mbwa waliokwisha kuzoea maabara walitokwa na mate kabla ya chakula kufika kinywani, kwa kumwona tu mtumishi aliyezoea kuwalisha.

Akaamua kulifuatia. Akawa akiwasikizisha mbwa mlio wa metronomi, yaani chombo kinachogonga mapigo sawasawa mfano wa saa, kisha akiwapa chakula. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mlio peke yake ukatosha kuwatoa mate. Mlio ule kwa asili yake hauna ladha wala harufu. Nguvu zake zote ulizipata kwa kuandamana na chakula.

Sisi tunaofunga Ramadhani hatuna haja ya maabara ili kulisadiki hilo. Adhana ya magharibi inapokaribia, na sahani za futari zimekwisha kupangwa, kinywa hujaa mate kabla ya tende kuguswa. Kadhalika harufu ya udi humrudishia mtu furaha ya Idi ya utotoni mwake hata akiwa mbali na kwao. Hakuna aliyetufunza hayo kwa maneno. Vitu viwili vilikutana mara nyingi, na nafsi ikavifunga pamoja.

Lakini nafsi haifungi pamoja mambo ya furaha tu. Mwaka 1920, huko Baltimore nchini Marekani, mtaalamu John Watson na mwenziwe Rosalie Rayner waliandika habari za jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa na mtu yeyote mwenye dhamira. Walimchukua mtoto mchanga wa miezi kumi na moja, waliyemwita Albert, ambaye hakuwa na hofu yoyote na panya mweupe. Kila alipomnyoshea mkono panya yule, nyuma ya kichwa cha mtoto palipigwa nyundo juu ya chuma, kwa kishindo kikubwa. Haikupita mara nyingi, mtoto akawa akilia kwa kumwona panya tu, pasi na kishindo. Zaidi ya hayo, hofu ile ikaenea kwa sungura, kwa mbwa, hata kwa koti la manyoya. Naye Albert akaondolewa hospitalini pale kabla ya yeyote kumtengua hofu aliyotiwa.

Wazee wa pwani walikwisha kuliona hilo waliposema kwamba mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni jani kavu la mkindu, halina sumu, lakini moyo ulioumwa haupambanui.

Sasa tutazame nyumbani. Mama anapomtishia mtoto, "Ukiendelea kulia nitakuitia daktari akudunge sindano," amekwisha kulifunga koti jeupe pamoja na maumivu. Siku mtoto atakapougua kwa kweli, atamkimbia yule anayemtakia afya. Anapomwambia kwamba gizani mna zimwi, akilala yeye, hofu haitalala.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa chuoni na skuli. Mtoto wa miaka mitano huanza masomo akiwa na hamu. Herufi alif, be, te hazina uchungu ndani yake, kama vile mlio wa metronomi usivyokuwa na ladha. Lakini kila kosa la kusoma likiandamana na bakora, matusi au kuchekwa mbele ya hirimu zake, herufi zile zile zitaanza kubeba uchungu usiokuwa wao. Mtoto ataumwa na tumbo kila alfajiri ya siku ya masomo, na tumbo hilo aghalabu si uongo. Huenda akakariri vizuri kwa miaka mitano au sita kwa sababu hana pa kukimbilia. Hatari ni kwamba siku atakapopata uhuru wa kuchagua, atakifunga kitabu. Na mzazi atashangaa: mtoto huyu aliyesomeshwa sana, mbona hapendi kusoma?

Mazoea ya malipo

Njia ya pili haihusu hisia zinazotujia zenyewe, bali vitendo tunavyovichagua. Mmarekani Edward Thorndike, katika utafiti alioutoa mwaka 1898, aliwafungia paka ndani ya masanduku yenye komeo, na nje akaweka chakula. Paka alihangaika, akaparura huku na huko, mpaka kwa bahati akaigusa kamba au komeo na mlango ukafunguka. Aliporejeshwa tena na tena, muda wa kuhangaika ulipungua, hata ikawa akiingizwa tu huenda moja kwa moja penye komeo. Thorndike akatoa kanuni nyepesi: kitendo kinachofuatwa na raha hurudiwa, na kinachofuatwa na karaha hupungua.

Baada yake akaja B. F. Skinner, aliyeishi baina ya mwaka 1904 na 1990, akaipanua kanuni hii kwa kuwachunguza panya waliobonyeza kitufe na njiwa waliodonoa kibao ili wapate punje ya chakula. Wahenga wetu wana methali mbili zinazoikusanya elimu hiyo nzima: mcheza kwao hutunzwa, na mchovya asali hachovyi mara moja.

Hapa ndipo tunapofika dukani. Mtoto amefuatana na mama yake, ameona mabuyu, ameyataka. Mama akasema hapana. Mtoto akalia, mama akasema hapana. Mtoto akajitupa chini akagaragara, watu wakageuka kutazama, na mama kwa haya akatoa shilingi kumi akamnunulia. Kilio kikakatika papo hapo.

Je, mtoto amejifunza nini? Hakujifunza kwamba hapana ni hapana. Amejifunza kwamba kuomba hakuleti mabuyu, kulia hakuleti, bali kugaragara huleta. Wiki ijayo hatapoteza wakati wa kuomba. Na tutazame upande wa pili, ambao wengi huusahau. Mama naye amejifunza. Aliyempa mtoto mabuyu amelipwa kwa kimya. Karaha ya kilio na macho ya watu imeondoka mara tu alipotoa shilingi. Kuondokewa na karaha nako ni malipo, nayo humfanya mtu akirudie kitendo kilichoiondoa karaha hiyo. Hivyo pale dukani palikuwa na walimu wawili na wanafunzi wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba darasa linaendelea.

Mama mwengine atasema, "Mimi simpi kila mara. Mara tisa nakataa, mara ya kumi ndiyo nampa, nikichoka." Dada yangu mpenzi, hilo lina uzito zaidi. Skinner aliligundua jambo hili pale chakula cha panya wake kilipokaribia kwisha, akaamua kutowalipa kila walipobonyeza. Panya hawakuacha kubonyeza. Na tabia iliyolipwa mara moja moja, bila mpango unaojulikana, ikaonekana kuwa ngumu kuisha kuliko ile iliyolipwa kila mara. Aliyezoea kulipwa daima hutambua upesi malipo yanapokatika. Aliyezoea kulipwa kwa bahati hana namna ya kutambua, kwa hiyo huendelea kungoja.

Kwa njia hiyo hiyo kamari humteka mtu mzima mwenye akili timamu, maana angelikuwa akishindwa daima angeliiacha. Na kwa njia hiyo hiyo simu zimetushika mikono. Tunaifungua mara kumi hakuna kitu, mara ya kumi na moja pana ujumbe wa kupendeza. Basi tusimshangae mtoto anayelia saa nzima, hali sisi wenyewe twaitazama simu kabla ya kunawa uso.

Kuna malipo mengine yasiyonunuliwa dukani, nayo ni macho ya mzazi. Watoto wawili wakicheza kwa utulivu nusu saa, aghalabu hakuna anayewageukia. Mama anashukuru kimya na kuendelea na kazi zake. Wakianza kupigana, mama huacha chungu jikoni akaja mbio, akawatazama, akawasemesha. Hata kama amekuja kukaripia, amekuja. Kwa mtoto mwenye njaa ya kutazamwa, karipio ni bora kuliko kutoonekana. Nyumba ya namna hii huulipa ugomvi na kuunyima utulivu ujira wake, kisha hulalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wagomvi.

Adhabu na gharama yake

Hapa msomaji ataniuliza: adhabu je? Si karaha nayo, na karaha si hupunguza kitendo? Ni kweli, adhabu kali husimamisha kitendo palepale, na ndiyo sababu wazazi huipenda: inawalipa papo hapo. Lakini tuchunguze inafunza nini.

Mtoto amevunja kikombe. Akaja mwenyewe akasema, "Mama, nimevunja." Akapigwa. Mama adhani ameadhibu uzembe. Lakini kitendo kilichokuwa karibu zaidi na kipigo si kuvunja. Ni kusema kweli. Safari nyingine atavificha vipande chini ya kabati. Visipoonekana, atakuwa ameokoka na kipigo, na kuokoka huko ni malipo ya kuficha. Hivi ndivyo mtoto mkweli anavyofunzwa uongo na mzazi anayeuchukia uongo.

Tena adhabu humwonyesha mtoto lisilotakiwa, lakini haimwonyeshi linalotakiwa. Humfunza kumwogopa aliyeishika fimbo zaidi ya kulichukia kosa, ndiyo maana kosa hurudi mara baba anapotoka. Na kama tulivyoona kwa Albert, hofu haikai pale ilipotiwa. Huenea ikamfika mpaji adhabu mwenyewe, chumba, hata kitabu. Nchini kwetu adhabu ya viboko imepigwa marufuku mashuleni tangu mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, yamlinda kila mtu na adhabu ya namna hiyo. Sheria ina sababu zake. Nyumba nayo ina ya kwake, nayo ni kuhifadhi ukweli na mapenzi baina ya mzazi na mwana.

Haya hayana maana ya mtoto kuachiliwa. Kosa lina matokeo yake: aliyemwaga maji ayapanguse, aliyechelewa kurudi asitoke kesho jioni. Matokeo yawe madogo, yaje upesi, yafanane na kosa, na yawe yale yale leo na kesho. Mtoto husaidiwa na jambo la yakini, dogo namna gani, kuliko hasira kubwa isiyojulikana itafika lini.

Namna ya kutengua

Habari njema ni kwamba kilichofunzwa chaweza kutenguliwa. Pavlov aliona kwamba mlio ukirudiwa mara nyingi bila ya chakula, mate hupungua hadi kukatika. Lakini aliona pia kwamba baada ya mapumziko, mlio uliweza kuyarejesha kidogo. Kwa hivyo tabia ya zamani ikichungulia tena baada ya kutoweka, mzazi asikate tamaa akasema kazi yake imekwenda bure.

Mama anayeamua leo kutokulipa kilio ajue jambo moja kabla ya kuanza: siku za mwanzo aghalabu kilio huzidi. Mtoto amezoea kwamba mlango hufunguka, sasa haufunguki, basi ataubisha kwa nguvu zaidi. Mama asiyeijua hali hii husalimu amri hapo hapo penye kilele, na kwa kusalimu huko amelipa kilio kikubwa kuliko vyote. Kama hana hakika ya kustahimili, ni afadhali ampe mwanawe mabuyu mapema, kwa ombi la adabu, kuliko kukataa kisha kutoa baada ya vita. Na akikataa, asimnyime mtoto macho yake moja kwa moja: mara anapotulia amkumbatie, amsemeshe. Kinachonyimwa malipo ni kelele. Mtoto mwenyewe asinyimwe mapenzi.

Ama kwa hofu, dawa yake ilionyeshwa mwaka 1924 na bibi Mary Cover Jones, aliyemtibu mtoto mmoja aliyekaribia miaka mitatu, jina lake Peter, aliyeogopa sungura. Bibi huyu hakumlazimisha wala hakumcheka. Mtoto aliketishwa akala chakula akipendacho, na sungura ndani ya kizimba akawekwa mbali. Siku hata siku kizimba kikasogezwa kidogo, kwa kadiri mtoto anavyoweza kustahimili. Kadhalika aliwekwa pamoja na watoto wasiomwogopa sungura, akawaona wakicheza naye. Mwisho wake Peter akampapasa sungura kwa mkono wake na kumwacha amtafune vidole taratibu. Hofu ilikuja kwa mwandamano, na kwa mwandamano ikaondoka.

Mzazi ambaye mwanawe amekwisha kuuchukia msomo anaweza kuifuata njia iyo hiyo. Aanze na dakika chache za kusoma pamoja, mtoto akiwa ameshiba na ameegemea ubavuni mwa mamake, mstari mmoja tu anaouweza, kisha kitabu kifungwe mtoto angali anataka. Kesho mistari miwili. Azungumze na mwalimu kwa heshima kuhusu bakora na kejeli. Kitabu kilichozoea kuja na machozi kikianza kuja na sauti tulivu ya mama, nafsi nayo itakifunga upya.

Tahadhari mbili

Zimebaki tahadhari mbili. Ya kwanza, tusidhani kwamba kila jema lanunuliwa kwa zawadi. Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper na wenziwe waliwachunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe endapo litachora, na kikatolewa. Baada ya wiki moja au mbili, watoto hao walipoachwa wacheze wapendavyo, walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kilichokuwa furaha kilikwisha kugeuka kibarua, na kibarua huachwa pasipo na ujira. Kwa hiyo tulipie kile mtoto asichokipenda bado, tena kwa muda mfupi. Anachokipenda tayari, kimtoshe kuona kwamba nasi tumekipenda. Na sifa iwe ya jambo lenyewe: "Nimeona umempa mdogo wako nafasi akaanza yeye," ni sifa yenye mafunzo kuliko "Wewe mtoto mzuri" inayorudiwa kutwa.

Ya pili, mwanadamu si njiwa wa Skinner. Ana akili, ana nia, na anajifunza hata kwa kutazama. Mwaka 1961 Albert Bandura alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere waliiga vipigo vile vile, ingawa wao wenyewe hawakuwa wamelipwa chochote. Mzazi apigaye kelele akidai kimya amekwisha kutoa somo. Isitoshe, kusudio letu si kulea mtoto anayetenda jema kwa sababu tu anatazamwa. Mazoea ni ngazi ya kumpandisha. Juu ya ngazi hiyo mna maelezo, mazungumzo, na kumfahamisha kwa nini ukweli ni bora, mpaka siku atakapolitenda jema akiwa peke yake.

Kwa wiki hii basi, ndugu msomaji, chagua tabia moja tu ya mwanao inayokusumbua. Usimkaripie kwanza. Mtazame kwa siku tatu na ujiulize maswali mawili: jambo hili huandamana na nini, na baada yake hufuata nini? Andika kwenye kipande cha karatasi ukipenda. Huenda ukakuta kwamba ujira wa tabia ile hutoka mkononi mwako mwenyewe, na mkono ulio wako waweza kuuzuia.

Mola atupe subira katika malezi na atujaalie watoto walio faraja ya macho yetu. Tukutane wiki ijayo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.